Paukwa Bila Pakawa: Tiba ya Kisaikolojia ya Vikundi katika Makao ya Wazee

Utangulizi

Nilipokuwa katika mwaka wa nne wa shahada ya kwanza, nilitumwa nyanjani pamoja na wenzangu kukusanya ngano na visakale kwa ajili ya kozi ya fasihi simulizi. Fungu langu lilikuwa makao ya wazee. Kwa siku tatu niliingia chumba baada ya chumba, simu ya kunasia sauti mkononi, nikamsikiliza kila mzee akiwa peke yake ili sauti za wengine zisiiharibu rekodi. Mzee mmoja alinisimulia miaka aliyofanya kazi katika reli. Nyanya mmoja, aliyeishi mlango wa tatu kutoka kwa mzee huyo, alinisimulia alivyokuwa akiwauzia abiria ndizi na mayai ya kuchemsha katika stesheni moja ya reli iyo hiyo, na alivyoweza kuitambua treni kwa mlio wake kabla haijaonekana. Nilipokuwa ninaaga, nyanya huyo aliniuliza: "Na sasa hizo hadithi unazipeleka wapi, mjukuu wangu?" Nilimjibu kwamba ninazipeleka chuoni. Akatikisa kichwa, akasema: "Basi huko ndiko zitakakosikilizwa."

Ni baadaye tu, nilipokuwa ninanukuu rekodi zile, nilipotambua kwamba hadithi hizo mbili zilihusu reli moja, na kwamba wasimulizi wake walikuwa wakipishana kila asubuhi wakienda kunywa chai bila yeyote kati yao kuijua ya mwenzake. Kazi yangu ilipata alama nzuri. Hata hivyo, swali la nyanya halijaniondoka.

Makala haya yananuia kueleza tiba ya kisaikolojia ya vikundi kwa wazee wanaotunzwa kwa muda mrefu nje ya nyumba zao: maana yake, chimbuko lake, namna vikao vyake vinavyoendeshwa, kinachoaminiwa kuponya ndani yake, pamoja na mipaka yake. Mwandishi si mwanasaikolojia. Ni mwanafunzi wa fasihi aliyegundua kwamba wanasaikolojia wameishughulikia kwa muda mrefu dhana ambayo sisi huitaja kila siku darasani na kuisahau nyanjani, yaani hadhira.

Maana ya Tiba ya Kisaikolojia ya Vikundi

Tiba ya kisaikolojia ni tiba inayotumia mazungumzo na uhusiano wa kibinadamu, badala ya dawa au upasuaji, ili kumpunguzia mtu dhiki ya nafsi. Tunapoongeza "ya vikundi" tunamaanisha kwamba watu kadhaa wenye dhiki zinazokaribiana hukutana kwa wakati mmoja, mbele ya kiongozi mmoja au wawili waliofunzwa kazi hiyo, na kwamba washiriki wenyewe huwa sehemu ya dawa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha maana. Daktari akiwahutubia wazee kumi kuhusu shinikizo la damu, hiyo ni hotuba. Wazee kumi wakiimba nyimbo za dini au wakicheza bao, hiyo ni burudani, nayo ina manufaa yake. Tiba ya kikundi huanza pale neno la mshiriki mmoja linapompata mwenzake, yule mwenzake akalijibu, na jibu lile likambadilisha aliyesema.

Ni muhimu pia kuelewa ni dhiki zipi zinazolengwa. Mzee anayeingia katika makao huwa amepoteza mengi kwa mkupuo mmoja: mwenzi, nyumba, kazi, majirani, mara nyingi nguvu za miguu au macho, na hata haki ya kuamua saa ya kula. Wataalamu wa lugha wametupa neno "msonona" kwa ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Msonona kwa mzee aghalabu hufichika, kwa sababu hulalamikia mgongo, usingizi au kukosa hamu ya chakula, na waliomzunguka husema, "Ni uzee tu." Hapo ndipo hatari ilipo. Uzee si ugonjwa, na msonona si sehemu ya lazima ya uzee. Ni maradhi yanayotibika.

Chimbuko na Maendeleo Yake

Wanahistoria wengi wa tiba hii huanzia Boston, Marekani. Mwaka wa 1905, daktari Joseph Pratt alianza kuwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu katika kile alichokiita darasa. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo. Tiba ilikuwa mapumziko, hewa safi na lishe, na Pratt alitaka tu kuwafunza wengi kwa pamoja namna ya kujitunza nyumbani. Lakini aligundua kwamba kule kukutana kwenyewe kuliwatia wagonjwa moyo: aliyeanza kupata nafuu alikuwa ushahidi ulio hai kwa aliyekuwa amekata tamaa. Katika Vita Vikuu vya Pili, uhaba wa madaktari na wingi wa askari waliojeruhika nafsi uliwalazimu Waingereza kuitumia njia hiyo kwa upana, hasa katika hospitali ya kijeshi ya Northfield karibu na Birmingham.

Wazee, hata hivyo, waliachwa nje kwa muda mrefu. Sababu moja ilikuwa neno la mkuu. Sigmund Freud, katika mhadhara uliochapishwa mwaka wa 1905, alieleza kwamba watu wanaokaribia miaka hamsini au kuipita hawana tena ule wepesi wa akili unaohitajika katika tiba ya nafsi. Jambo la kushangaza ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaikaribia miaka hiyo hamsini, na baadhi ya kazi zake kubwa aliziandika baada ya kuipita. Wanafunzi wake waliyashika maneno kuliko mfano.

Mmoja wa waliothubutu kwenda kinyume na mawazo hayo ni daktari Maurice Linden. Katika hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili huko Norristown, Pennsylvania, aliongoza, akisaidiana na kiongozi mwenza wa kike, kikundi cha wanawake wazee waliokuwa wamelazwa kwa sababu ya kuzorota kwa akili. Katika ripoti aliyochapisha mwaka wa 1953 alieleza kwamba walipata nafuu, wengine hata wakaweza kuondoka hospitalini. Watu ambao waliokuwa wakiwatunza walikuwa wamezoea kuwaona kama waliokwisha, walionekana kuwa na jambo la kuambiana.

Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1963, Robert Butler, tabibu wa akili wa Marekani, alichapisha makala yaliyobadilisha namna ya kuyatazama masimulizi ya wazee. Kabla yake, mzee aliyerudia rudia habari za ujana wake alidhaniwa ameanza kupotewa na akili. Butler alidai kinyume chake: kwamba mtu anapoukaribia mwisho wa maisha, nafsi yake huyarudia yaliyopita ili kuyapima, kuyapatanisha na kuyapa maana. Aliliita jambo hilo mapitio ya maisha. Hoja hii inaoana na ile ya Erik Erikson, ambaye mwaka wa 1950 aliyagawa maisha ya binadamu katika hatua nane na kueleza kwamba katika hatua ya mwisho mtu hukabiliwa na njia panda: ama ayakubali maisha yake kuwa kitu kizima chenye maana, ama akate tamaa. Butler ndiye pia aliyebuni, mwishoni mwa miaka ya 1960, neno la Kiingereza la kuutaja ubaguzi unaotokana na umri wa mtu. Kwa kuwa ubaguzi huo ulikuwa haujapewa jina, watu wengi walikuwa hawauoni.

Jinsi Vikao Vinavyoendeshwa

Kabla ya kikao cha kwanza, kiongozi huzungumza na kila mzee faraghani. Humweleza kikundi ni cha nini, humuuliza kama angependa kujiunga, na hupima kama anaweza kufaidika. Mzee anayeona vitu visivyokuwapo kwa sababu ya homa kali anahitaji daktari kwanza. Mwenye dimenshia, yaani maradhi yanayodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, aghalabu hufaa zaidi katika kikundi cha wenzake kinachoendeshwa kwa mbinu nyingine. Hakuna anayelazimishwa. Kwa mtu ambaye hata saa yake ya kuoga huamuliwa na wengine, kule kuulizwa tu "Je, ungependa?" ni mwanzo wa tiba.

Washiriki huwa wachache, mara nyingi kati ya sita na kumi. Hukutana siku ile ile ya juma, saa ile ile, katika chumba kile kile, kwa muda wa dakika 45 hadi saa moja. Viti hupangwa kwa duara ili kila uso uonekane, pamoja na wa yule aliye katika kiti cha magurudumu. Asiyesikia vizuri huketishwa karibu na kiongozi, naye kiongozi huhakikisha kwamba mwanga unamwangukia usoni ili midomo yake isomeke. Televisheni huzimwa. Mambo haya madogo si mapambo. Kikundi cha wazee kinaweza kuvunjika kwa sababu tu wawili kati yao hawasikii na wanaona haya kusema.

Kiongozi wa wazee huzungumza zaidi kuliko kiongozi wa vijana. Hawezi kunyamaza dakika tano akisubiri mtu aanze, kwa kuwa wazee wengi watauchukua ukimya huo kuwa ni kukosewa heshima. Huwakaribisha kwa majina na kwa heshima wanayoizoea, huwakumbusha yaliyosemwa juma lililopita, kisha hutoa kianzio: picha ya kale, harufu ya karafuu, jembe, sarafu isiyotumika tena, au swali kama vile, "Siku ya kwanza ulipoondoka kwenu ilikuwaje?" Mmoja akisema, kiongozi hamjibu yeye mwenyewe haraka. Huligeuza neno lile liwaendee wengine: "Nani mwingine aliwahi kuachwa nyuma hivyo?" Ustadi wake wote umo katika kugeuza huko.

Kuna pia kanuni ya siri: yasemwayo duarani hubaki duarani. Kanuni hii ni ngumu zaidi katika makao kuliko kwingineko, kwa sababu washiriki hula meza moja na kulala ukuta kwa ukuta, na wahudumu huingia na kutoka. Na kuna kifo. Katika vikundi vingine mshiriki huondoka akiwa amepona, lakini katika makao ya wazee mara nyingi huondoka kwa kufa. Viongozi wengi, mwenzao anapofariki, huacha kiti chake wazi katika kikao kinachofuata na kuwapa waliobaki nafasi ya kumtaja. Makao mengi huwa na desturi ya kumwondoa marehemu kimyakimya ili wengine wasifadhaike. Lakini wazee hujua, na ukimya ule huwafunza kwamba nao wataondolewa vivyo hivyo.

Kinachoponya ni Nini?

Katika kitabu chake kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1970, Irvin Yalom wa Marekani alichambua mambo yanayoleta uponyaji katika vikundi. Katika orodha yake inayojulikana sana mambo hayo ni kumi na moja: tumaini, kutambua kwamba hauko peke yako, kupata maarifa, kuwafaa wengine, kurekebisha yaliyoharibika katika familia ya utotoni, kujifunza adabu za kuishi na watu, kuiga mifano mema, kujijua kupitia mahusiano, mshikamano, kutoa yaliyo moyoni, na kuyakabili masuala ya uhai na mauti. Si lazima tuyajadili yote. Matatu yanatosha kuonyesha kwa nini kikundi humfaa mzee wa makaoni.

La kwanza ni kutambua kwamba hauko peke yako. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Katika makao, kila mtu huona makovu yake tu. Mama aliyeletwa na mwanawe, akaahidiwa kwamba angetembelewa kila mwezi na hakutembelewa, hudhani kwamba aibu hiyo ni yake peke yake, kwa hivyo huificha. Siku anaposikia mwingine akiitaja aibu iyo hiyo kwa sauti, dhiki haiishi, lakini hugeuka kutoka fedheha ya mtu mmoja ikawa hali inayoweza kuzungumzwa.

La pili ni kuwafaa wengine. Mzee katika makao hupokea kutwa kucha: hupokea uji, hupokea dawa, huogeshwa, hufunikwa blanketi. Ni nadra mtu kumwomba kitu. Katika kikundi, mzee aliyefiwa na mke miaka kumi iliyopita anaweza kumwambia aliyefiwa mwezi uliopita jinsi alivyozipitisha zile jioni za kwanza. Anapofanya hivyo, anatoa kitu ambacho hakuna mhudumu kijana awezaye kukitoa. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini sharti aje mtu wa kuukwangua.

La tatu ni mshikamano, na hapa ndipo taaluma yetu inapokutana na yao. Sote tulifunzwa kwamba mtambaji akisema "Paukwa!" hungoja hadhira ijibu "Pakawa!" kabla hajaendelea. Jibu hilo si pambo la ufunguzi. Ni idhini. Hadhira inasema: tupo, tunakuona, endelea. Paukwa isiyojibiwa haiwezi kuzaa hadithi. Nyanya wa stesheni alikuwa na hadithi tele, lakini makao yalikuwa hayajampa pakawa. Mimi nilimpa ya siku moja, kisha nikaondoka nayo. Katika tiba ya kikundi, fanani na hadhira hubadilishana nafasi: aliyesimulia leo husikiliza kesho, na hadithi ikishatolewa hubaki pale pale ilipotolewa, mikononi mwa watu watakaokutana na msimulizi wakati wa chakula cha jioni. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mahojiano ya mtafiti na duara la tiba. Mtafiti huichukua hadithi, ilhali kikundi huihifadhi pamoja na mwenyewe.

Aina za Vikundi na Ushahidi Uliopo

Vikundi vya wazee ni vya aina nyingi. Vipo vya kumbukizi, ambavyo huzungumzia mambo ya zamani kwa jumla, mfano harusi, shule na mavuno. Vipo vya mapitio ya maisha, vinavyofuata mkondo wa Butler na kuingia ndani zaidi, hadi kwenye majuto na msamaha. Vipo vinavyowafunza washiriki kuyachunguza mawazo yanayowaumiza, kwa mfano "Mimi ni mzigo," na kuyapima kwa ushahidi. Na kwa wenye dimenshia isiyokithiri, kipo kikundi cha kuchangamsha akili, ambacho ni jamaa wa karibu wa tiba hii ijapokuwa lengo lake la kwanza ni fikra na kumbukumbu.

Kikundi hiki cha mwisho ndicho kilichochunguzwa vizuri zaidi. Mwaka wa 2003, Aimee Spector na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti uliowahusisha wazee 201 wenye dimenshia katika makao ya wazee na vituo vya mchana. Waliohudhuria vikao 14, mara mbili kwa juma kwa majuma saba, waliwapita wasiohudhuria katika vipimo vya akili na pia katika ubora wa maisha walioueleza wao wenyewe. Watafiti walisema kwamba faida hiyo kwa akili ilikaribiana na ya baadhi ya dawa za maradhi hayo.

Njia hiyo imefika pia katika eneo la Kiswahili. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, watafiti waliirekebisha iwafae wazee wa vijijini na kuijaribu kwa watu 34 wenye dimenshia. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 2017, yalionyesha nafuu katika akili na ubora wa maisha. Wazee hao waliishi na jamaa zao, si katika makao, kwa hivyo mfano huu si wa moja kwa moja. Hata hivyo, una funzo kwetu. Mazoezi yaliyotungwa kwa ajili ya Waingereza wanaosoma magazeti hayakuweza kutumiwa vivyo hivyo na wazee ambao wengi wao hawakupata kwenda shule. Ilibidi yatungwe upya kwa vitu, nyimbo na shughuli wanazozijua. Tiba haikutafsiriwa maneno tu, bali ilitafutiwa utamaduni wa kukaa ndani yake.

Kuhusu vikundi vya kumbukizi, ushahidi unataka uangalifu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka wa 2018, yaliyokusanya tafiti 22 kuhusu kumbukizi kwa wenye dimenshia, yalipata kwamba faida zipo lakini aghalabu ni ndogo na hutofautiana kutoka utafiti hadi utafiti. Jambo la kutia moyo ni kwamba ubora wa maisha ulionekana kunufaika hasa kwa wale waliokuwa katika makao. Pengine si ajabu: anayeishi miongoni mwa jamaa huwa na mtu wa kumwitikia, bali wa makaoni huenda hana.

Ipo pia kazi moja iliyo jirani na tiba ambayo wanafunzi wa fasihi hawana budi kuijua. Mwaka wa 1976, mshairi wa Marekani Kenneth Koch, akisaidiwa na mshairi Kate Farrell, alifunza utunzi wa mashairi katika makao ya wazee jijini New York. Wengi wa wanafunzi wake hawakuweza kuandika kwa sababu ya ugonjwa au upofu, basi wakawa wanatunga kwa kinywa huku wengine wakiandika, kisha mashairi yakasomwa kwa sauti mbele ya kikundi kizima. Koch alisisitiza katika kitabu chake cha mwaka wa 1977 kwamba kazi ile aliitaka iwe sanaa, si tiba. Aliwaona wazee wale kama watunzi, si wagonjwa waliopewa kitu cha kupitishia wakati. Onyo hilo linafaa kukumbukwa na kila anayeingia makaoni akiwa na nia njema.

Mipaka na Hatari

Isidhaniwe kwamba kila mazungumzo huponya. Butler mwenyewe alitahadharisha kwamba mapitio ya maisha yanaweza kumfikisha mtu kwenye majuto makali na hata msonona mzito zaidi, hasa akiyapitia bila msaada. Hapa Kenya tunapaswa kulizingatia jambo hili kwa namna ya pekee. Wazee wetu wenye miaka themanini na zaidi walikuwa watoto au vijana wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960. Katika duara moja anaweza kuwapo aliyezuiliwa katika kijiji cha lazima na mwingine ambaye baba yake alikuwa askari wa kukilinda kijiji hicho. Swali jepesi kama "Mlikuwa mkicheza michezo gani utotoni?" linaweza kufungua kaburi. Kiongozi asiye na mafunzo ataufungua mlango huo asijue namna ya kuufunga.

Kwa sababu hiyo, tiba hii si kazi ya mwanafunzi wa fasihi, hata awe na huruma kiasi gani. Tangu mwaka wa 2014 nchi yetu ina sheria inayohusu washauri nasaha na wanasaikolojia, na ni hao wenye kustahili kuongoza. Zaidi ya hayo, kikundi hakichukui nafasi ya dawa kwa anayezihitaji, hakichukui nafasi ya jamaa, wala hakiwezi kuficha upungufu wa chakula au wahudumu. Mzee mwenye njaa hahitaji kumbukizi.

Nafasi ya Kiswahili

Katika makao niliyoyatembelea, wazee walitoka katika jamii mbalimbali na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Lakini kilikuwa Kiswahili cha sokoni na cha kazini. Walipofika kwenye machungu, wengi walirudi katika lugha ya mama, kisha wakanyamaza kwa kuwa jirani asingewaelewa. Kiongozi mwema huruhusu neno litoke katika lugha lilikozaliwa, ndipo huomba lielezwe kwa wengine, na mara nyingi ufafanuzi huo wenyewe huzaa mazungumzo.

Aidha, istilahi zetu zahitaji kupimwa mbele ya wanaohusika. Sijasikia mzee hata mmoja akisema kwamba ana msonona. Niliwasikia wakisema "moyo wangu ni mzito," "nina mawazo mengi," "sioni raha." Istilahi ni ya wataalamu kuelewana wao kwa wao, na ina umuhimu wake. Lakini tiba huanza katika msemo wa mgonjwa. Anayeandaa mwongozo wa vikundi kwa Kiswahili atahitaji mtu anayeijua misemo hiyo, anayejua nani huitwa nyanya na nani huitwa bibi, na anayejua ni kitendawili gani kinachoweza kutegwa mbele ya wakwe. Hapo mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi halali kabisa, akiwa msaidizi wa mtaalamu.

Hitimisho

Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Wakenya wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7 kati ya watu milioni 47.6. Wengi wao huishi na jamaa zao, na makao kama vile Nyumba ya Wazee huko Kasarani au Mji wa Huruma jijini Nairobi huwahudumia wachache tu. Ila uchache wao si sababu ya kuwasahau. Ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inawataja wazee kuwa na haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa hadhi na heshima. Mtu hawezi kushiriki jambo lolote ikiwa hana anayemwitikia.

Chama chetu hupeleka wanafunzi nyanjani kila mwaka. Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, anayekusanya masimulizi katika makao ya wazee aombe, kabla ya kuanza, kwamba walao kikao kimoja kifanywe kwa pamoja, mbele ya mshauri nasaha pale alipo, wasimulizi wasikilizane wao kwa wao. Rekodi itakuwa na kelele. Tuikubali kelele hiyo, kwa kuwa ndiyo hadhira. Pili, kila rekodi irudishwe ilikotoka na kuchezwa hapo kwa wale watakaoridhia. Mambo haya mawili si tiba, na tusiyaite tiba. Ila yangetosha kumjulisha mzee wa reli kwamba milango mitatu kutoka kwake anaishi mtu aliyezijua treni zake kwa mlio.

Nyanya aliniuliza ninazipeleka wapi hadithi zake. Lingekuwa jibu bora kama ningemwambia: hapo jirani, nyanya, kisha nitakuja kusikiliza nanyi.